Dada wa kulala, wa kutwa, yaya au kituo? Mtoto wa wiki kumi na wa miaka minne, Dar

Mama Ilham
Salaam wakuu. Likizo yangu ya uzazi ya siku 84 inaisha mwezi ujao, na siku ya kurudi kazini mtoto mdogo atakuwa na wiki kumi. Mkubwa ana miaka minne, anasoma chekechea, basi la shule linamrudisha saa sita na nusu mchana. Mimi na baba yao tunatoka saa 12 asubuhi na kurudi saa 1 usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Nyumba ni vyumba viwili na sebule, tunapikia gesi, maji ni ya mgao. Jumamosi na Jumapili nipo.

Kila ninayemuuliza ananiambia "tafuta dada tu". Dada yupi? Wa kulala, wa kutwa, au yaya? Mtu mmoja anaweza watoto wawili pamoja na nyumba? Na makubaliano yaandikweje ili yeye asionewe na mimi nisije nikaachwa njiani? Naomba majibu ya wanaoijua kazi hii.

Bi Tausi
Mama Ilham, kabla ya kuchagua jina la kazi, hesabu saa zako. Saa 12 asubuhi mpaka saa 1 usiku ni saa 13. Hapo ndipo nyumba nyingi zinapokwama, na lawama zinaishia kwa binti.

Dada wa kulala ndiye anayejulikana zaidi: anapika, anadeki, anaosha vyombo, anafua, anampokea mtoto kwenye basi. Uzuri wake ni kwamba alfajiri yupo, mvua inyeshe isinyeshe. Ubaya ni kwamba kwa kuwa yupo, kila mtu humo ndani anamhesabu yuko kazini mpaka anapofumba macho. Baada ya miezi miwili mitatu amechoka, anaanza kumkaripia mtoto, au siku moja unakuta begi halipo. Ukimsikia mtu anabadilisha wadada kila mara, muulize kwanza huyo dada analala saa ngapi na analala wapi, ndipo uulize tabia.

Dada wa kutwa anakuja asubuhi na kurudi kwake jioni. Anafaa sana nyumba ndogo kama yako, ila kwa saa zako lazima awe wa mtaa huohuo, wa kutembea kwa miguu dakika kumi au kumi na tano. Anayepanda daladala mbili usimchukue hata awe hodari kiasi gani. Siku atakayochelewa yeye, wewe pia hutoki.

Yaya ni wa mtoto: kumlisha, kumwogesha, kufua nguo zake, kuchemsha vikombe vyake, kumlaza, kuongea na kucheza naye, kusafisha pale anapolala na kutambaa. Hapiki chakula cha watu wazima wala hadeki nyumba nzima. Ukimwita yaya halafu ukamkabidhi ndoo ya kudekia na beseni la mashuka, umeajiri dada wa kazi kwa jina lingine, na mtoto ndiye atakayepunguziwa.

Kisha kuna mama wa kufua, anayelipwa kwa siku au kwa mzigo. Huyu watu wanamsahau, wakati ndiye anayeiokoa nyumba yenye kichanga. Panga siku zake zifuate mgao wa maji, mkubaliane mapema nani ananunua sabuni, na nguo za mtoto zibaki kwa yaya. (Yule mama wa kukanda na kuogesha mzazi kwa siku arobaini ni kazi nyingine kabisa. Anamhudumia mama zaidi ya mtoto, na muda wake kwako umeshapita.)

Kwa nyumba yako ushauri wangu ni yaya mmoja, na mama wa kufua mara mbili kwa wiki. Kazi za ziada za yaya ziwe tatu tu: kumpokea mkubwa, kumpashia chakula ulichopika jana usiku, na kuosha vyombo walivyolia wao. Maharage, nyama na mchuzi chemsha Jumamosi, gawa kwenye vikopo, weka kwenye friza. Deki ni ya jioni, yako na ya baba yao.

Saa yenye hatari kwenye ratiba yako ni saa sita na nusu mchana. Basi linapiga honi, mdogo amelala, yaya anatoka mbio getini, mtoto amebaki peke yake kitandani. Wiki kumi anaonekana hawezi kugeuka, lakini siku atakayogeuka mara ya kwanza hutaarifiwa. Kubaliana na dereva ashushe mlangoni na asubiri mtoto apokelewe, na yaya atoke akiwa amembeba mdogo kwa mbeleko. Kama hana muda wa kumfunga mgongoni, basi likae nusu dakika zaidi.

Mchukue wiki mbili kabla hujarudi kazini, na wiki hizo ulipe kamili. Siku za kwanza yeye anaangalia na wewe unafanya. Kisha yeye anafanya, wewe umekaa pembeni umenyamaza. Siku nne za mwisho toka kwa muda wa saa mbili, kesho yake muda wa saa nne, kisha siku nzima mara mbili. Yote yatakayoharibika yaharibike wakati bado una siku za kurekebisha.

Kumpata: namba ya NIDA, barua ya serikali ya mtaa anakotoka, na wadhamini wawili wanaopatikana kwa simu. Mwajiri wake wa mwisho mpigie mwenyewe na umuulize mambo yenye majibu: aliondoka mwezi gani, kwa nini, alimlea mtoto wa umri gani, na je ungemrudisha leo? Swali "ni mzuri?" kila mtu hujibu ndiyo. Dalali anayekata mshahara wa binti wa mwezi wa kwanza, au anayeshika simu au kitambulisho chake, mkatae hapohapo. Na usichague kwa kabila. Hakuna mkoa unaozalisha walezi.

Nesi_Temeke
Naongeza upande wa kichanga, maana hapo makosa hayana marudio.

Maziwa. Kamua na uyaache kwa vipimo vidogo vya mililita 60 hadi 90, kila kikombe na karatasi yenye tarehe na saa. Mtoto wa umri huo kwa kawaida hunywa mililita 30 hadi 45 kwa kila saa usiyokuwepo, kwa hiyo kwa saa zako 13 andaa kati ya mililita 390 na 585. Anza kukusanya akiba wiki tatu kabla. Vipimo vidogo vina sababu: yaliyobaki kwenye kikombe alichokwisha kunywea mtoto yanatumika ndani ya saa mbili tu, kisha yanamwagwa, na hakuna mama anayefurahi kumwaga kikombe kizima.

Maziwa mabichi ya mama yanakaa saa nne mahali penye joto lisilozidi nyuzi 25. Dar mchana sebuleni ni zaidi ya hapo, kwa hiyo saa nne usizihesabu kabisa: yakikamuliwa, friji. Humo yanakaa hadi siku nne, nyuma kabisa, si mlangoni. Ya friza yakishayeyushwa, ndani ya saa 24 yawe yametumika, na hayagandishwi tena. Umeme ukikatika, friji isifunguliwefunguliwe. Weka chupa mbili tatu za maji ya kugandisha kwenye friza ili zihamishiwe chini siku ya giza. Kupasha ni kusimamisha kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto, si kuchemsha jikoni wala maikrowevu, ambayo hupasha pande zisizo sawa na kumuunguza mdomo. Kikombe cha wazi ni rahisi kusafisha kuliko chupa yenye chuchu, lakini yaya lazima afundishwe: mtoto akae karibu wima, kikombe kiguse mdomo wa chini, yeye mwenyewe alambe. Hamiminiwi.

Kosa kubwa kuliko yote nyumbani ni maji, uji mwepesi au maziwa ya ng'ombe kabla ya miezi sita, "kwa sababu analia". Mlezi hafanyi hivyo kwa ubaya. Nyumba nyingi alizopitia zilifanya hivyo. Mweleze sababu: tumbo linajaa kitu kisicho na lishe ya kutosha, ananyonya kidogo, maziwa yako yanapungua, na kuharisha kunaanza. Kisha mpe la kufanya anapolia: angalia nepi, mcheushe, mbebe, mpunguzie nguo, ndipo umpe kikombe kingine.

Kulala ni chali, bila mto, bila blanketi zito, chini ya chandarua hata mchana.

Hatari za nyumba ya Dar zijulikane kwa majina. Ndoo na diaba za maji ya mgao ziwe na mifuniko inayokaza, kwa sababu mtoto anayetambaa anazama kwenye maji ya kimo kidogo sana. Mtungi wa gesi ufungwe kwenye regulata kila baada ya kupika, na mpira ukaguliwe kwa povu la sabuni, kamwe kwa kiberiti. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata mkaa ukiwa umebaki makaa tu: gesi yake haina harufu. Mafuta ya taa na dawa ya madoa visitiwe kwenye chupa za soda. Mtoto akinywa mafuta ya taa asitapishwe, akimbizwe hospitali.

Akipaliwa mtoto wa chini ya mwaka: mlaze kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini ya kiwiliwili, mpige mgongoni kati ya mabega mara tano. Mgeuze, bonyeza katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano, rudia. Yaya afanyie mazoezi kwa mwanasesere mbele yako, kuambiwa kwa mdomo hakutoshi. Ukutani pabandikwe namba yako, ya baba, ya jirani mmoja mwenye gari, na hizi: 114 Zimamoto, 112 polisi. Na maneno haya: hanyonyi, degedege, anapumua haraka au mbavu zinaingia ndani, anatapika kila kitu, amelegea. Lolote kati ya hayo, yaya aende hospitali kwanza na apige simu akiwa njiani. Joto la nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu ni hospitali siku hiyohiyo, bila kusubiri panado ifanye kazi. Kwa hiyo acha nyumbani pesa ya bajaji na kadi ya kliniki mahali pasipofungwa kwa ufunguo.

Kuhusu vipimo vya yaya: akikohoa zaidi ya wiki mbili, apimwe kifua kikuu kabla ya kuanza. Kumlazimisha kupima VVU hapana, sheria ya 2008 inakataza, na kulea mtoto hakuambukizi.

Baba Juni
Naona mnampa Mama Ilham gharama tu. Mchukue binti wa ndugu kijijini, wa miaka 13 au 14 aliyemaliza la saba. Anakula, analala, anavaa, mwisho wa mwaka mnunulie cherehani. Akivunja kitu unakata. Ndivyo nyumba nyingi zinavyoenda.

Wakili wa Mtaa
Baba Juni, heshima kwako, lakini ulichoandika kina makosa manne ya kisheria, na Mama Ilham asikifuate.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Kuanzia 14 hadi 18 ni kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya na isiyomzuia shule. Kumwachia binti wa miaka 14 kichanga saa 12 kwa siku si kazi nyepesi. Undugu haubadilishi hilo. Ukimleta mtoto wa ndugu, umemleta kusoma. Aliyetolewa kwao kwa ahadi ya shule na kuishia jikoni bila mshahara anaweza kukufikisha kwenye Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008.

Chakula na malazi peke yake si mshahara. Amri ya kima cha chini iliyoanza Januari 1, 2023 iliweka sh 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri na sh 120,000 kwa asiyelala hapo, na viwango vya juu zaidi kwa nyumba za wanadiplomasia, wafanyabiashara wakubwa na maofisa wenye stahili. Serikali ilitangaza amri nyingine Oktoba 2025 yenye nyongeza, ya kuanza Januari 1, 2026, kwa hiyo chukua jedwali jipya. Hicho ni kiwango cha chini kisichovukwa kushuka. Wa kumlea kichanga hapatikani kwa hicho, wala hastahili kulipwa hicho.

Kukata kwa kuvunja: kunahitaji kosa liwe lake, umpe nafasi ya kujieleza, akubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Sahani ya sh 3,000 haina mjadala, ni matumizi ya nyumba.

Sasa saa. Kawaida ni saa 45 kwa wiki, 9 kwa siku, siku zisizozidi sita. Pamoja na za ziada, siku haivuki saa 12, na za ziada hazivuki 50 kwa wiki nne. Ratiba ya Mama Ilham: saa 13 toa mapumziko ya saa moja ni 12. Mara siku tano ni 60, yaani 15 za ziada kila wiki, 60 kwa wiki nne. Imezidi kwa kumi. Kuna mlango mmoja mzuri: mama anayenyonyesha ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Zungumza na mwajiri wako uzikusanye jioni. Ukifika nyumbani saa 12 badala ya saa 1, za ziada zinakuwa 40 kwa wiki nne, umeingia ndani ya sheria, na yaya amepata jioni.

Malipo yake, tuseme mshahara ni sh 150,000. Gawanya kwa 4.333 upate wiki, takriban sh 34,600. Gawanya kwa 45, saa moja ni kama sh 770. Ya ziada ni mara moja na nusu, kama sh 1,150. Saa 40 ni takriban sh 46,000 kila wiki nne. Mapumziko ya saa moja ni mapumziko: mtoto akilala na yaya amekaa akimsikiliza, hayo ni kazi. Wewe au jirani mnayemwamini ampokee mtoto, au saa hiyo ilipwe.

Mpe karatasi siku ya kwanza, Kiswahili, kurasa mbili zinatosha: jina, umri, jinsia, anuani ya kwao, mahali alipoajiriwa, kazi zenyewe moja moja, tarehe ya kuanza, mkataba ni wa muda gani, mahali pa kazi, saa, mshahara na jinsi unavyokokotolewa, na vya ziada kama chakula na chumba. Isomeni pamoja kwa sauti, kila mmoja abaki na nakala. Bila karatasi hiyo, mkifika CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi) wewe ndiye utakayetakiwa kuthibitisha mlivyokubaliana.

Mengine kwa kifupi: likizo siku 28 kwa mwaka zenye malipo, mapumziko ya wiki saa 24 mfululizo, na akiombwa kufanya kazi siku hiyo saa zinalipwa mara mbili. NSSF (hifadhi ya jamii) ni asilimia 20 ya mshahara, nusu yake waweza kukata kwake. WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) ni asilimia 0.5, yako peke yako. Kuachana: ndani ya mwezi wa kwanza notisi ya siku saba, baadaye siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Akishafanya mwaka na zaidi, kiinua mgongo ni siku saba za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi, isipokuwa ameachishwa kwa utovu wa nidhamu. Na kama ulimtoa mkoani, nauli ya kumrudisha alikoajiriwa pamoja na mizigo yake ni yako. Watu wanaiona ni hisani. Ni sheria.

Mlipe kwa simu yenye laini ya jina lake, si ya mjomba wala dalali. Muamala wenyewe ndio risiti.

Mwalimu_Chekechea
Mmesahau kituo. Kwa wiki kumi nisingempeleka: vituo vingi havina wahudumu wa kutosha kwa vichanga, na homa moja inazunguka chumba kizima. Ila akifika miaka miwili hivi, kituo cha kulelea watoto mchana kinampunguzia yaya mzigo, na hapo unaweza kurudi kwenye dada wa kutwa wa nusu siku.

Ukienda kukagua, nenda saa nne asubuhi bila miadi. Omba kuona cheti cha usajili kutoka Ustawi wa Jamii. Hesabu watoto, hesabu watu wazima waliomo chumbani wakati huo, usihesabu walioorodheshwa ofisini. Angalia choo kina maji na sabuni kwa kimo cha mtoto, jiko limetengwa, geti lina mtu. Uliza mtoto akiugua saa tano wanafanyaje, na nani anaruhusiwa kumchukua. Kituo kinachomtoa mtoto kwa yeyote anayemtaja jina, ondoka.

Mama Ilham
Nashukuru sana nyote. Nimeelewa, yaya na mama wa kufua, na nitaongea na ofisi kuhusu saa ya jioni. Maswali mawili. Yaya akilala kwangu, usiku mtoto alale naye? Vyumba ni viwili. Na nitajuaje mchana unaendaje bila kumpigia kila nusu saa?

Wakili wa Mtaa
Usiku kuanzia saa 2 hadi saa 12 asubuhi ni kazi ya usiku, ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Anayeishi hapo apate saa zisizopungua nane mfululizo za kupumzika, na hilo liandikwe. Aliyeamshwa mara tatu na kichanga hakupumzika.

Bi Tausi
Mtoto alale kwenu. Unamnyonyesha, na anayenyonyesha ndiye anayeamka. Yaya alale na mkubwa ikibidi, kitanda chake mwenyewe, chandarua chake, kabati au sanduku lenye kufuli ambalo ufunguo anao yeye. Sebuleni asilale: watu wazima wakiangalia taarifa mpaka saa nne usiku, yeye hana pa kujinyoosha. Ukiweka kamera, mwambie ziko wapi, na chumba anacholala na bafu zisiwekwe.

Kuhusu mchana, nunua daftari la kurasa 96 lenye kamba na kalamu iliyofungwa. Safu nne: saa, amekunywa mililita ngapi, nepi imelowa au choo, amelala kutoka saa ngapi mpaka saa ngapi. Mwisho wa ukurasa mstari mmoja wa jambo lolote geni. Kama yaya haandiki vizuri, chora kikombe, nepi na kitanda, aweke alama. Piga simu mara mbili tu, saa nne asubuhi na saa nane mchana, saa zilezile kila siku, ili ajue na asimwache mtoto katikati ya kuoga akakimbilia simu. Nepi zilizolowa zisipungue sita kwa saa 24. Zikipungua, angalia safu ya mililita kabla hujamlaumu mtu, mara nyingi utakuta siku hiyo uliacha vikombe vitano badala ya saba.

Jioni ukifika, dakika tano za kwanza lisomeni pamoja kabla hujavua viatu vya kazi na kuanza kuuliza vyombo.